Malindi: tando za mtambo wa maji taka zinaziba, naombeni ushauri

Mwambao_Mld:
Assalamu alaykum. Mtambo ni wa hoteli hapa Malindi: tope hai (tope lenye bakteria wanaokula uchafu) na tando bapa za kuchuja maji, zilizozamishwa tangini. Tando ni 150, kila moja mita za mraba 0.8, tangi lina mita za ujazo 30. Pampu hufyonza maji safi kupitia tando dakika 9, hupumzika 1. Siku za kawaida hupita mita za ujazo 40, msimu wa wageni 60. Geji ya mfyonzo imepanda kutoka bar 0.05 hadi 0.18. Tope limepimwa, gramu 18 kwa lita. Kuna anayesema nisukume maji kinyume kwa pampu ili kuzizibua tando. Nifanye?

FundiTope:
Wa alaykum salaam. Hapana, tafadhali! Utando bapa umegundishwa kingoni. Ukisukuma kwa nguvu unabanduka, na tope litatokea upande wa maji safi.

Anza na tope. Gramu 18 ni uji mzito, hewa haipenyi. Lengo ni 8 hadi 12. Kushuka hadi 12 toa mita za ujazo 10 za tope, lakini kwa siku kadhaa, si kwa mpigo, bakteria wasipungue ghafla. Lichukuliwe na gari la maji taka. Usilimwage shimoni, visima viko karibu.

Kisha mimina mililita 50 za tope kwenye karatasi ya kuchujia, ungoje dakika 5. Zikipita mililita 10 au zaidi, tope ni zima. Zikipita chini ya 5, tope lenyewe ndilo linaloziba, na kuosha tando kwa dawa kutakupa nafuu ya siku chache tu.

Bloa_na_Bomba:
Niongeze la hewa. Zima pampu, acha bloa (mashine ya kupuliza hewa), utazame juu ya tangi. Pasipopanda mapovu, bomba la hewa la chini limeziba na tando za hapo zinajaa tope katikati. Povu likizidi usitie dawa yenye silikoni, hugandia kwenye tando. Jikoni nako kagua mtego wa mafuta, na matundu ya chekeche la kuingilia yasizidi milimita 3.

Kwa mita za ujazo 60 kwa siku unavuta lita 23 kwa saa kwa kila mita ya mraba. Kwa 40 ni 15 tu. Kama msimu wote ni 60, ongeza tando.

FundiTope:
Kuosha: zima pampu na hewa. Changanya lita 22.5 za klorini ya 10% ujaze maji hadi lita 450, yaani lita 3 kwa kila utando. Iteremke yenyewe hadi ndani ya tando kutoka ndoo iliyo juu kidogo, ikae saa moja hadi mbili. Maji ya kwanza baada ya hapo yarudishe mwanzo wa mtambo, yana klorini.

Geji isiposhuka, shuku chokaa. Maji ya visima vya mwambao wa matumbawe huwa magumu. Hapo ni asidi ya sitriki, siku nyingine, baada ya kusuuza kabisa. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya kuua.

Shela_Bustani:
Nasi Lamu tuna mtambo kama huo. Maji yake yafaa bustani?

Bloa_na_Bomba:
Utando huzuia tope na karibu bakteria wote. Virusi vyaweza kupita, basi tia klorini kidogo mwishoni. Chumvi hauizuii hata chembe. Kisima kikiwa cha chumvi, minazi itavumilia, malimau na maharagwe hapana.