Mrejesho: sifa za kwaya kunipanda kichwani

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ndiye niliyeuliza nifanyeje nisivimbe kichwa, tangu nipewe ualimu wa kwaya huku Moshi na watu waanze kunisifu kila Jumapili. Asanteni sana kwa majibu, hata yale makali.

Kilichonisaidia zaidi ni ushauri wa yule mama aliyesema nitafute kazi isiyo na makofi. Tukimaliza ibada ya jumuiya nabaki jikoni kusugua masufuria ya machalari (ndizi zilizopikwa na nyama), yale yaliyoganda chini hadi unatumia kijiko kukwangua. Mwanzoni kina mama walinifukuza, "Mwalimu, acha bwana!" Sasa wananirushia tu steelwire. Hapo hakuna mwalimu.

Asubuhi, kabla ya kushika simu, nasoma Luka 18:9-14 na kuomba kama yule mtoza ushuru aliyemwomba Mungu amrehemu yeye mwenye dhambi. Maneno machache tu, yananitosha.

Kufunga kila Ijumaa, kwangu kumegoma. Nilijikuta nataka watu wajue nimefunga, yaani kilekile kinachokatazwa Mathayo 6:16-18. Kwa sasa nimeacha. Kaka uliyeshauri usikwazike, huenda kwako kunafaa.

Bado kuna kitu: mwenzangu akiimbisha vizuri kuliko mimi, moyo unachoma. Mchungaji kaniambia nimwombee kwa jina kila siku, na nimsifu mbele za watu. Kumwombea naweza. Kumsifu, mdomo bado mzito, ila Jumapili iliyopita nilimpa mkono na kumwambia hongera.