Begi lilichelewa siku tisa, likaja na gauni limeharibika, na nimeshatia sahihi. Nimekwisha?

MamaShela (Kisumu), Jumatano saa 3:12 usiku

Hamjambo wadau. Naomba ushauri, na tafadhali nisomeni hadi mwisho kabla ya kunicheka.

Nina duka dogo la kukodisha magauni ya harusi hapa Kisumu. Mwezi huu nilienda Guangzhou kununua mapya. Tiketi ilikuwa moja, kwenda na kurudi, Kisumu hadi Kisumu, ila ndege ni za kampuni mbili: kubwa ya safari ya nje, na ndogo ya kutoka Nairobi kuja huku. Wakati wa kurudi nilikuwa na mabegi mawili. Alhamisi nikasimama pale uwanjani hadi mkanda ukazimwa, na begi nililopata ni moja tu. Kijana wa kaunta, Mungu ambariki, alinijazia ile fomu yao ya PIR, ya kuripoti mzigo uliokosekana au kuharibika, na kunipa nakala yenye namba inayoanza na KIS.

Lile lililokosekana ndilo lilikuwa na gauni la bibi harusi wa Maseno. Harusi Jumamosi, siku mbili baadaye. Ijumaa jioni nilimrudishia shilingi 18,000 kwa M-Pesa, akakimbilia Kakamega kutafuta lingine. Mama mkwe wake amenitangaza mpaka Luanda ya Vihiga.

Begi lilifika Jumamosi iliyopita, siku ya tisa. Nikaitwa uwanjani, mvua inanyesha, bodaboda ananipigia honi, nikatia sahihi nikaondoka. Kulifungua nyumbani: gurudumu moja halipo, kona imepasuka, maji yameingia. Magauni mawili ni mazima. La tatu, lile la bei, lina doa mgongoni ukubwa wa sahani, rangi ya chai ya rangi.

Kampuni kubwa inasema niulize ndogo. Ndogo inasema mambo yaliharibikia njiani kabla hayajawafikia. Leo nimetumiwa barua pepe: watanipa 6,000 "kwa nia njema", nitie sahihi kwamba sina dai lingine. Nilipowauliza kuhusu gauni, wakanijibu kuwa nililipokea begi na sikulalamika.

Nichukue hizo 6,000?

BabaMapacha_Nakuru, saa 3:40 usiku

Pole sana dada. Chukua hizo pesa ulale. Mimi begi langu lilipotea kabisa miaka hiyo, nikaambiwa mzigo unalipwa kwa kilo, dola 20 kila kilo, hata kama ndani umeweka dhahabu. Kupambana na kampuni ya ndege ni kukimbiza upepo kwa mguu. Sisi wa Nakuru angalau tunashukia Nairobi na kupanda matatu, begi likikosekana unajua hapo hapo ni nani wa kumshika shati.

KalamuNyekundu, saa 4:25 usiku

MamaShela, usitie sahihi hiyo karatasi. Na usilale kabla ya kuhesabu siku.

Ulipokea begi Jumamosi. Kwa mzigo ulioharibika una siku 7 tangu kuupokea kulalamika kwa maandishi, na siku hizo ni za kalenda, Jumapili nayo imo. Jumamosi hii ndiyo mwisho. Ukipitisha, mahakama haitakusikiliza hata ukija na gauni lenyewe mkononi. Kwa ucheleweshaji una siku 21 tangu ulipokabidhiwa begi, hapo hujabanwa. Ila andika yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Mambo haya yanaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kenya imo, na China imo. BabaMapacha, hesabu yako ya kilo si uongo, ila ni ya Mkataba wa Warsaw wa 1929. Montreal ilipoanza kufanya kazi mwaka 2003 iliacha kupima mzigo wa abiria kwa mizani. Sasa kikomo ni kwa kila abiria: SDR 1,519 tangu Desemba 28, 2024, na kabla ya hapo ilikuwa 1,288. SDR ni fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa bei za karibuni kikomo hicho ni zaidi kidogo ya dola 2,000, yaani laki mbili na nusu na ushee za Kenya. Lakini hicho ni kikomo tu, hakuna anayekupa bure. Unalipwa hasara unayoweza kuithibitisha.

Kuhusu sahihi yako: mkataba unasema kupokea mzigo bila kulalamika ni ushahidi wa awali kwamba ulifika salama. Wa awali, si wa mwisho. Ndiyo maana wakaweka hizo siku 7, kwa sababu wanajua watu hawafungui mabegi kwenye mvua. Wewe sasa ndiye wa kuonyesha kwamba maji hayakuingilia kwako.

Na ule mchezo wa kukurusha huku na huku usikusumbue. Kwa mizigo, safari ikiwa ya kampuni kadhaa kwa tiketi moja, unaweza kumdai wa kwanza, wa mwisho, au yule ambaye kwake madhara yalitokea. Wanawajibika kwako kwa pamoja, watagawana lawama wenyewe. Waandikie wote wawili kwenye barua pepe moja, kila mmoja amwone mwenzake.

Omena_Kavu, saa 4:31 usiku

Swali dogo tu dada. Magauni ya biashara hayo, ushuru ulilipa? Nauliza kwa niaba ya rafiki 😂

MamaShela, saa 4:50 usiku

Omena, mwambie rafiki yako nililipa. Begi lilipofika Nairobi niliitishwa ankara za dukani, wakapiga hesabu, nikalipa. Risiti ninayo.

Kalamu, asante. Nimetetemeka kidogo hapo kwa Jumamosi. Sasa naona hizo ankara na risiti ya ushuru zinaonyesha bei ya kila gauni. Lile lenye doa linasimama kwangu shilingi 34,000. Begi nililinunua 9,500 mwaka jana. Mnasema niongeze na 18,000 za bibi harusi?

KalamuNyekundu, saa 5:05 usiku

Omena ametaka kukuchoma akakusaidia. Risiti ya ushuru ni ushahidi wa bei ambao kampuni itapata taabu kuupinga.

Nikujibu kwa ukweli, kipande kwa kipande. Gauni: peleka kwa dobi anayejua vitambaa, akuandikie kama doa linatoka na kwa kiasi gani. Likitoka kwa 4,000 hutalipwa 34,000. Begi: fundi akuandikie bei ya kulitengeneza, au kwamba halitengenezeki, na usitarajie bei ya jipya kwa begi la mwaka mmoja. Zile 18,000: dai, maana mkataba unakupa fidia ya hasara iliyoletwa na kuchelewa. Ila hapo watavuta kamba, kwa sababu kwenye ucheleweshaji wana kinga: wakithibitisha kwamba walifanya yote yanayowezekana kuzuia, wanachomoka. Weka ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yenu ya kughairi. Watakuambia pia kwamba bidhaa za biashara si mzigo wa abiria. Mkataba unazungumzia mzigo uliokabidhiwa, hauulizi ulikuwa wa harusi ya nani. Na masharti yao yakijaribu kushusha kikomo chini ya mkataba, hayo masharti ni batili.

Jumla yako ni 61,500. Hujakaribia kikomo hata kidogo.

Mchukuzi_Mstaafu, saa 12:18 asubuhi

Nimefanya kazi ya mizigo uwanjani miaka kumi na moja, wacha niseme ya upande ule.

Mama, una lile karatasi la kunata lililofungwa kwenye mpini? Usilitupe. Lina namba ya tarakimu kumi, tatu kati yake ni za kampuni iliyolitoa, na kila mahali begi liliposomwa na mashine pamebaki kumbukumbu. Begi lililokuja peke yake hupachikwa lebo nyingine ya haraka. Piga picha zote mbili. Hizo ndizo zinasema lilikaa wapi siku tisa.

Doa la rangi ya chai mara nyingi ni maji yaliyosimama juu ya bati au toroli yenye kutu. Begi linaachwa nje kwenye lami, mvua inapiga, kona imepasuka, basi. Tazama kitambaa cha ndani ya begi pale kwenye ufa: kama kina alama ya rangi hiyo hiyo, maji yaliingilia hapo na yalikauka zamani. Doa la jana halina ukingo mgumu. Piga picha ufa, kitambaa, gauni, kwa mfuatano huo.

Na ninyi wengine, ondoeni lebo za safari za zamani kwenye mabegi yenu. Mtu anakuja na begi lina mikia minne kama kishada, mashine inasoma ya mwaka juzi, halafu analia begi limeenda Entebbe. Wekeni pia karatasi yenye jina na simu ndani ya begi, maana lebo ya nje ikikatika hatuna pa kuanzia ila kufungua.

NyarAhero, saa 1:47 asubuhi

Mimi langu lilichelewa siku nne. Niliambiwa kwa sababu naishi hapa hapa na nguo ziko nyumbani, hakuna kitu. Nikajibu kwamba sidai nguo, nadai dawa za presha na chaja ya mashine yangu ya kazi nilizolazimika kununua, na risiti hizi hapa. Walilipa dawa, chaja wakaikataa. Kwa hiyo andika vitu, usiandike uchungu. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za uchungu na haikujibiwa.

MamaShela, saa 2:30 asubuhi

Mchukuzi, nimeenda kutazama kitambaa cha ndani kabla hata ya kunywa chai. Alama ipo! Ina ukingo kama ramani. Nimepiga picha kumi na mbili.

Sasa niandike vipi? Mimi ni mtu wa sindano, si wa barua.

KalamuNyekundu, saa 2:55 asubuhi

Andika fupi. Kitu kama hiki, kwa Kiswahili au Kiingereza, utakavyopenda:

"Mimi ni abiria wa tiketi namba fulani. Begi lenye lebo namba fulani halikufika Kisumu tarehe fulani (PIR namba fulani) na nilikabidhiwa siku tisa baadaye. Lilikuwa limevunjika, na vilivyomo vimeharibiwa na maji. Hili ni lalamiko langu la maandishi la uharibifu na la ucheleweshaji chini ya Mkataba wa Montreal, kwa kampuni zote mbili. Nadai: gauni, kiasi, begi, kiasi, marejesho kwa mteja, kiasi. Vielelezo vimeambatishwa. Sikubali shilingi 6,000 kuwa malipo ya mwisho."

Makadirio ya dobi na fundi yakichelewa, usiyasubiri. Tuma kwanza, yatafuata. Kinachokatwa na siku 7 ni lalamiko, si vielelezo. Na gauni lisiguswe na sabuni mpaka wapate nafasi ya kulikagua.

Wakinyamaza, Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA) hupokea malalamiko ya abiria. Ikishindikana kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Safari yako imeishia Kenya, kwa hiyo unaweza kudai hapa hapa. Una miaka miwili ya kufungua kesi, lakini usiikalie.

Safari nyingine, ukiwa na gauni la thamani kubwa, unaweza kutangaza thamani yake kaunta wakati wa kukabidhi begi na kulipa ada ya ziada. Hapo kikomo kinapanda hadi kiasi ulichotangaza. Wachache wanaliomba hilo, na mhudumu atakutazama kama umeomba kuendesha ndege.

BabaMapacha_Nakuru, saa 4:10 asubuhi

Nimesoma nikatamani kurudi nyuma. Yangu ilikuwa 2016. Kwa hiyo nililipwa kwa mizani ya babu yangu?

KalamuNyekundu, saa 4:16 asubuhi

Inawezekana, kutegemea ulitoka nchi gani na tiketi ilisemaje. Miaka miwili imeshapita lakini mzee wangu. Pole.

MamaShela, Ijumaa saa 1:05 jioni

Taarifa: nimetuma jana saa 5:40 usiku, kwa wote wawili, picha kumi na mbili na ankara. Dakika mbili baadaye nikapata jibu la mashine lenye namba ya dai, nimelichapisha na kulitia kwenye faili. Leo mchana kampuni kubwa imepiga simu, sauti imebadilika, wanauliza kama gauni bado lipo na kama wanaweza kutuma mtu. Nimesema lipo, limetundikwa, na simu haitoshi, waniandikie. Fundi wa begi kasema gurudumu halipatikani. Dobi anataka kujaribu kipande cha ndani ya pindo kwanza, nimemzuia.

Omena_Kavu, saa 1:22 jioni

Hongera dada. Sasa hilo lenye doa unakodisha ngapi? Nina harusi Desemba huko Vihiga, bibi harusi atakuwa ameketi muda mwingi, mgongo hauonekani.

MamaShela, saa 1:24 jioni

Halikodishwi. Hilo sasa ni kielelezo.