Nimepata mlezi wa utafiti kutoka ng'ambo (saratani ya umio, Malindi): nianze naye vipi?

Mtarajiwa_Mld
Assalam aleikum jamaa. Mimi ni daktari wa Malindi, mwaka wa pili wa uzamili wa saratani. Profesa mmoja wa Chicago amekubali kunilea katika utafiti kwa mwaka mmoja, yote kwa intaneti. Nina mafaili 80 ya wagonjwa wa saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), wa Kilifi na Lamu, waliopelekwa Mombasa kutibiwa. Nataka kujua waliishi muda gani, kwa kila hatua ya ugonjwa, yaani ulivyokuwa umeenea. Tuafikiane nini kwanza? Na 80 yanatosha?

BintiShela
Waaleikum salaam daktari. Kabla ya mkutano wa kwanza chukua mafaili 20 bila kuchagua, uhesabu: mangapi yana jibu la biopsi (kipande cha nyama kilichokatwa kikapimwa), mangapi yana hatua ya ugonjwa, mangapi yana nambari ya simu ya jamaa. Mpelekee hesabu hiyo. Mlezi aliye mbali hudhani faili limekamilika, mkaja kugundua mwezi wa sita kwamba swali halijibiki.

Kuhusu 80: ukitafuta asilimia, kwa mfano waliokuwa hai baada ya mwaka, na jibu likaja 50%, kosa ni kama 11% juu na chini. Ni sawa kwa kueleza hali. Ukiwagawa kwa hatua nne kila fungu linabaki na watu wachache mno.

Siku ya kuanzia iwe ya biopsi, wala si siku dawa ilipoanza. Ukianzia dawa, waliofariki wakingoja nafasi Mombasa wanatoka kwenye hesabu, na matibabu yataonekana bora kuliko yalivyo. Vilevile aliyeacha kuja kliniki usimhesabu yu hai. Wengi wao wamekwisha kufa nyumbani. Jamaa wapigiwe simu, na simu hizo ziandikwe kwenye ombi la kibali tangu mwanzo.

Karani_wa_Data
Kibali ndicho kinachokula miezi. Pendekezo liende kwa kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kisha ruhusa ya hospitali yenye mafaili. Mtaje profesa humo tangu awali, maana kumwongeza baadaye ni kurudi kwa kamati kuomba marekebisho.

Usimtumie faili la Excel kwa barua pepe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na kuzipeleka nje kuna masharti yake. Kufuta jina na nambari ya kitambulisho hakutoshi. Mwanamke wa miaka 34 wa Siyu huko Lamu mwenye saratani ya umio, kijiji kizima kinamjua. Andika kaunti na rika la miaka kumi kumi. Na bora zaidi uchambuzi ufanyike hapa hapa, yeye aone majedwali tu.

Mtarajiwa_Mld
Ahsanteni sana. Na jina langu kwenye makala? Naona haya kumwuliza mtu mkubwa.

BintiShela
Muulize mkutano wa kwanza, kwa heshima, na muandike ukurasa mmoja: nani wa kwanza, nani wa mwisho, rasimu inarudishwa baada ya siku ngapi. Vigezo vya uandishi vya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba) ni vinne na vyote lazima vitimie: mchango wa kweli katika kazi, kuandika au kuhakiki, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa yaliyomo. Kazi ni yako, kwa hiyo wa kwanza ni wewe. Daktari wa patholojia, yule anayepima biopsi, akizisoma slaidi (vioo vyenye vipande vya biopsi) upya kwa ajili ya utafiti, mshirikishe mapema katika uandishi ili naye avitimize. Msimamizi wako wa chuo pia ajue kila kitu, asije akasikia habari kwa profesa.

Kijana_wa_Mambrui
Saa nazo: saa 2 asubuhi ya Chicago ni saa 10 alasiri kwetu, lakini kuanzia Novemba hadi Machi ni saa 11. Wao hubadilisha saa, sisi hatubadilishi.

Mtarajiwa_Mld
Nimehesabu 20. Biopsi 17, hatua ya ugonjwa 6, simu ya jamaa 9. Tarehe ya rufaa iko kwenye yote.

BintiShela
Basi hatua iache, na usiijaze kwa kukisia. Simu 9 pia hazibebi swali la waliishi muda gani. Uliza: kutoka rufaa hadi biopsi zilipita siku ngapi, na wa Lamu walingoja zaidi ya wa Kilifi? Mafaili 17 kati ya 20 yanaweza kulijibu hilo. Yale 3 yasiyo na biopsi yaripoti kando, maana huenda ndio waliochelewa kuliko wote.