Pedali ya "mbili kwa moja": ovadraivu nimeipata, fazi niliyoilipia iko wapi?

Ndugu wanajukwaa,

Mwezi uliopita nilinunua kwa shilingi 280,000 pedali ndogo ya gitaa (kisanduku cha kubadili sauti, kinachokanyagwa kwa mguu), inayoenea kiganjani, ambayo muuzaji aliinadi kuwa ina ovadraivu (mkwaruzo laini wa sauti) na fazi (mkwaruzo mzito zaidi, wa kunguruma), "kila moja ikijitegemea". Ovadraivu haina neno. Kilichonikasirisha ni fazi.

Anayezijua fazi za aina ya Fuzz Face, iliyotoka Uingereza mwaka 1966, anafahamu kwamba utamu wake umo katika nobu ya sauti ya gitaa lenyewe: ukiifungua yote inanguruma, ukiipunguza kidogo inasafika hata ukaweza kupiga rizimu bila kugusa kitu kwa mguu. Huwa hivyo kwa sababu sakiti yake, yenye transista mbili tu, inaonana na pikapu za gitaa, yaani vinasa mtetemo wa nyuzi, moja kwa moja. Katika pedali hii ishara hupitishwa kwanza kwenye bafa, yaani sakiti inayoitenga gitaa na vinavyofuata, ikaenda kwenye ovadraivu, ndipo ikafika kwenye fazi. Na hata ovadraivu ikiwa imezimwa, bafa inabaki palepale. Nikipunguza sauti ya gitaa hadi nusu, badala ya kusafika, fazi inakwaruza kama redio iliyopoteza stesheni.

Swichi zake nazo zimebanana mno. Jumamosi iliyopita, katikati ya sebene, nilikanyaga ya fazi, zikawaka taa zote mbili, amplifaya ikapiga mluzi hadi mwimbaji akageuka kunitazama. (Navaa kiatu namba 44, lakini sidhani kama hilo ni kosa langu.)

Nilipomrudia muuzaji alinijibu kwamba pedali pacha zote ndivyo zilivyo, jambo ambalo si kweli, kwani zipo zenye kiswichi cha kuchagua ipi itangulie. Kisha akasema harudishi fedha kwa kuwa nimelegeza skrubu nne za chini. Ni yeye aliyeniambia kwamba betri ya volti 9 inawekwa humo! Nilifungua, nikakuta sakiti imejaa ukuta kwa ukuta, pa kuweka betri hapapo.

Tangazo lake hadi leo asubuhi halijabadilishwa neno. Mwenye ujuzi wa kuhamisha waya wa jeki ya kuingilia ili uende kwenye fazi bila kupitia bafa, naomba anielekeze, maana dhamana nimeshanyimwa.