USBasp haionekani Windows: niihangaikie, nitumie Uno, au nihamie ST-Link?

Zabibu_na_Saketi
Mbukwenyi wakuu. Nipo Hombolo, natengeneza kidhibiti cha pampu ya kumwagilia zabibu. Chipu ni ATmega328P mpya (ya familia ya AVR), nimeshailehemu kwenye bodi. Programa, yaani kifaa cha kuandikia programu kwenye chipu, ni USBasp ya bei poa, ilitoka Kariakoo ikaja na basi. Kwenye Windows 10 nimeweka draiva kwa Zadig (programu ya kubandika draiva za USB) mara tatu: libusbK, libusb-win32, WinUSB. Kila mara Zadig inasema tayari, halafu avrdude, programu inayoiendesha programa, inasema haioni kifaa. Taa inawaka. Mdogo wangu yupo Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ananiambia nitupe hiyo takataka ninunue ST-Link, programa ya chipu za STM32. Jirani anasema bodi ya Arduino Uno inatosha. Hela ni ya kitu kimoja, na nauli ya kwenda mjini juu. Nichague ipi?

Fundi_Majengo
Usinunue chochote kwanza. Ingia Device Manager, kitafute kifaa hicho, fungua maelezo yake usome VID na PID, yaani namba ya mtengenezaji na ya kifaa. USBasp ya kweli ni 16C0 na 05DC. Yako inasemaje?

Na Zadig kusema "tayari" hakukupi uhakika wowote. Ile inabandika draiva kwenye chochote ulichokichagua. Mimi niliwahi kuibandikia kipanya changu, nikamaliza siku nzima natembelea kibodi.

Zabibu_na_Saketi
Yangu 03EB na C8B4. Inajiita USBHID.

Fundi_Majengo
Basi umepata jibu, tatizo si draiva, ni famwea, yaani programu iliyomo ndani ya programa yenyewe. USBasp ilibuniwa na Thomas Fischl, akaacha mchoro na famwea wazi kwa kila mtu. Ndiyo maana zimejaa madukani kwa bei ya soda kadhaa. Sasa wapo watengenezaji wanaoweka famwea yao ndani, inayojitambulisha kama kifaa cha HID (kundi la kibodi na vipanya) ili ifanye kazi na programu ya ProgISP. avrdude yenyewe inamtafuta 16C0:05DC, hapo mlangoni kasimama mtu mwingine kabisa. Utabadilisha draiva mpaka zabibu zivunwe.

Ndani ya hicho kidude, kwa kawaida, kuna ATmega8 na kristali ya 12 MHz. Unaiflashi kama chipu nyingine yoyote, kwa kutumia programa ya pili. Jampa ya JP2 ndiyo inayofungua njia ya kujiandikia. Kwenye kopi nyingi ni vitundu viwili tu bila pini, unapitisha kipande cha waya. Pima kwanza na maltimita kama reset inafika kweli, maana kopi hizi hazifuati mchoro wa Fischl kila mahali. Famwea yake ya 2011-05-28 inatosha. Fyuzi, yaani mipangilio ya msingi ya chipu, usiziguse, zimeshapangwa kwa kristali. Ukikosea hapo utakuwa na mawe mawili badala ya moja.

Dada_wa_Kondoa
Na hiyo programa ya pili ni Uno ya kuazima, si ya kununua. Mfano wa ArduinoISP, unaoigeuza Uno kuwa programa, umo ndani ya Arduino IDE. Upakie, kisha weka kapasita ya 10 µF kati ya RESET na GND ya Uno, mguu hasi GND. Ukiiweka kabla ya kupakia, upakiaji utagoma. Ukiisahau, Uno itajiwasha upya kila avrdude ikibisha hodi. Pini 10 ni reset ya chipu unayoiandika, 11 MOSI na 12 MISO (njia za data), 13 SCK (mapigo ya saa). Halafu:

avrdude -c stk500v1 -P COM5 -b 19200 -p m8

Badilisha COM5 iwe namba yako. Uno za kopi nyingi zina chipu ya USB ya CH340, yaani 1A86:7523, na yenyewe inataka draiva yake. Ipakue ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, usingoje ufike Hombolo.

Mzee_wa_Ihumwa
Vijana mnamrudisha nyuma. USBasp inaandika tu, basi. Programu ikikwama huwezi kuisimamisha kwenye mstari ukaona thamani za vigezo. ST-Link kwa waya tatu, SWDIO, SWCLK na GND, unadibagi kila kitu. Hapo ndipo kazi inakuwa kazi.

Dada_wa_Kondoa
Shikamoo mzee. Ni kweli, ila bodi yake imeshalehemiwa ATmega. ST-Link haizungumzi na AVR hata uibembeleze. Tena nazo zina vituko vyake: kopi za ST-Link V2 hutofautiana mpangilio wa pini, kwa hiyo soma maandishi ya kasha la kwako, usifuate picha ya mtu. Na bodi za Blue Pill (za STM32) za kopi zinakuja na chipu isiyo ya ST. OpenOCD, programu ya kuiendesha ST-Link, inatarajia kitambulisho 0x1ba01477 inakuta 0x2ba01477, inagoma. Unatatua, lakini ni usiku mwingine huo.

Mzee_wa_Ihumwa
Marahaba. Kwa bodi hii nakubali. Kwa bodi ijayo sikubali.

CIVE_mwaka_wa_tatu
Kwa bodi ijayo, mzee, mimi ningechukua Raspberry Pi Pico kuliko ST-Link ya kopi. Shikilia BOOTSEL, chomeka, buruta faili la UF2 la debugprobe, tayari ni programa ya CMSIS-DAP (kiwango cha kudibagi chipu za ARM) na Windows 10 haikuombi draiva. Ukiiharibu unarudia palepale. Nayo ni ya chipu za ARM kama STM32, AVR hapana. Kwa kudibagi hiyo 328P utahitaji kifaa kinachojua debugWIRE, njia ya kudibagi ya AVR.

Kwa wa Linux: amri ya lsusb ikionyesha kifaa na avrdude ikafanya kazi kwa sudo tu, ni ruhusa. Kanuni moja ya udev (kisimamizi cha vifaa cha Linux), umemaliza.

Zabibu_na_Saketi
Mrejesho. Uno nimeazima kwa fundi wa redio sokoni Majengo. JP2 nimeziba kwa mguu wa rezista. Mara ya kwanza ikagoma, kumbe kapasita niliigeuza. Sasa inasoma 16C0:05DC, nikaweka libusbK kwa Zadig, avrdude imeiona. Ila sasa inasema 328P haijibu!

Fundi_Majengo
Chipu mpya inatembea 1 MHz: saa ya ndani ni 8, inagawanywa kwa 8. SCK lazima iwe chini ya robo ya hapo, yaani 250 kHz, na USBasp kwa kawaida inapiga 375. Ongeza -B 10 iende polepole:

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10

Na uondoe ile waya ya JP2, kama bado umeiacha.

Zabibu_na_Saketi
Waya nilikuwa nimeiacha, umejuaje? Nimeitoa, nimeweka -B 10, imejibu. Programu imeingia, rilei inagonga. Uno inarudi kwa mwenyewe kesho.

Mzee_wa_Ihumwa
Na hela ya kitu kimoja?

Zabibu_na_Saketi
Imeenda kwenye mpira wa matone mzee. Pico atanunua mdogo wangu, yeye ndiye mwenye haraka.