Ulinganisho: kurusha mpira juu sana au chini wakati wa sevu, hasa msimu wa kusi

Mchezaji wa Jioni (Dar es Salaam)

Habari za jioni, wanajamvi. Huu ni mwaka wangu wa sita katika tenisi, na kiwanja ninachochezea kiko jirani na bahari. Tangu upepo wa kusi uliposhika kasi mwezi Juni, sevu yangu, yaani pigo la kuanzisha pointi, imevurugika. Katika mechi ya Jumamosi nilifanya makosa mawili mfululizo ya sevu, yanayompa mpinzani pointi, mara tisa, na katika mara saba kati ya hizo mpira ulikuwa umeshanihama kabla raketi haijaufikia. Mimi hurusha juu sana, karibu mita moja kupita mahali ninapoupigia mpira, kisha ninausubiri ushuke. Wenzangu wengine wananishauri nishushe mrusho hadi upite kidogo tu ncha ya raketi, na wengine wanasema nisiguse urefu bali nirekebishe mkono. Naomba tuzilinganishe njia hizi kwa hoja, kwa sababu nimechoka kubadilisha kila wiki.

Fundi wa Nyuzi (Tanga)

Ndugu yangu, mimi nipo upande wa mrusho mfupi, na sababu zangu ni za hesabu. Mpira unaoachiwa usawa wa macho na kupanda hadi sentimita 20 juu ya mahali pa kupigia hukaa hewani kwa takriban sekunde 0.7, ilhali ule wa mita moja hukaa kama sekunde 1.1. Tofauti hiyo yote umeukabidhi upepo, na mpira wenyewe una gramu 56 hadi 59.4 tu. Tena mpira uliotoka juu, unapofika usawa wa raketi, huwa unashuka kwa mwendo wa mita 4.4 kwa sekunde. Ule mfupi hushuka kwa mita 2 hivi, kwa hiyo muda wa kuupiga katikati ya nyuzi huongezeka zaidi ya mara mbili. Goran Ivanišević, mchezaji wa Kroatia, alikuwa na mrusho mfupi sana, akiuwahi mpira mapema, na kwa sevu hiyo alitwaa taji la Wimbledon mwaka 2001.

Dada Mrefu (Nairobi)

Hesabu za kaka wa Tanga ni sahihi, lakini zinauangalia mpira peke yake na kumsahau anayeupiga. Mwaka jana nilishusha mrusho wangu kwa namna hiyohiyo, na haukupita mwezi bega likaanza kuuma. Mwendo wangu ni wa polepole: ninakunja magoti, raketi inashuka nyuma ya mgongo, ndipo ninapanda. Mpira ulipopunguziwa muda, nikajikuta ninaacha kabisa kukunja magoti na kupiga kwa mkono mtupu, kiwiko kikiwa chini ya bega. Steffi Graf, bingwa wa Ujerumani, alirusha juu sana katika maisha yake yote ya ushindani, akaondoka na mataji 22 ya Grand Slam (mashindano manne makubwa ya tenisi) ya mchezaji mmoja mmoja. Anayetaka kufupisha mrusho ni lazima aufupishe mwendo wote, yaani raketi ianze kupanda mapema na isisubiri mkono wa kushoto, ule unaorusha mpira, umalize kazi yake. Asipofanya hivyo atakuwa amebadilisha nusu ya sevu na kuiacha nusu nyingine ikimdai.

Niseme pia, kwa kuwa huwa naulizwa: mwinuko wa Nairobi hausaidii wala hauharibu mrusho. Hewa nyepesi huonekana mpira ukishapigwa, ndiyo maana kanuni zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Ule unaorushwa kwa mkono huenda polepole mno kiasi cha kutohisi tofauti hiyo.

Mkongwe wa Pwani (Mombasa)

Wanangu, nimewasoma nyote. Mnabishana juu ya urefu, na mimi naona ugonjwa uko kwenye kuachia. Mwenzetu ajirekodi kwa simu iliyowekwa pembeni, kisha autazame mkono wake wa kushoto taratibu. Wengi hubana mpira ndani ya kiganja, wakaurusha kwa kukunja kiwiko na kuupindua mkono mwishoni. Mpira wa namna hiyo hutoka ukijizungusha, na mzunguko huo ni ushahidi kwamba vidole vimeusindikiza kupita mahali pa kuagana nao. Ukiachiwa vizuri hupanda umetulia, kiasi kwamba unaweza kuiona chapa yake ikipaa bila kugeuka.

Ushike kwa ncha za vidole, kama unavyoshika kikombe cha kahawa chungu barazani, kwa kuugusa bila kuukumbatia. Mkono unyooke, unyanyuliwe na bega kutoka pajani, na vidole vyote vifunguke kwa pamoja usawa wa paji la uso. Mpira ukishatoka, mkono uendelee kupanda na ubaki juu kwa muda, kwa sababu mkono unaoshuka mapema huliburuta bega la kushoto chini, na sevu huishia wavuni.

Kuna jambo jingine la kulinganisha ambalo hamkuligusa, nalo ni mwelekeo wa mkono. Ukiupeleka moja kwa moja mbele, mpira hupanda wima na ni rahisi kujifunza, lakini mabega hayageuki na nguvu hupungua. Ukiupeleka sambamba na mstari wa nyuma, mabega hugeuka yenyewe, ila mpira hupinda kutoka kulia kuja kichwani, na wakati wa kusi upindaji huo ni hatari. Mtu anayetumia mkono wa kulia mimi humwelekeza katikati: mkono upande kuelekea nguzo ya wavu ya kulia.

Kipimo ni hiki. Laza raketi chini mbele ya mguu wa mbele, kichwa chake kikiwa kama shibiri moja ndani ya mstari. Rusha bila kupiga, uache mpira udondoke. Fanya mara 40 kila siku na uandike iliyoangukia kwenye nyuzi. Ukifikisha 30 ndipo tuzungumzie urefu, na hata hapo ushushe kwa upana wa kiganja kimoja kwa wiki, ili mwendo wote upate kuzoea, kama alivyosema binti yangu wa Nairobi.

Slaisi ya Kwanza (Zanzibar)

Naongeza mawili. Usiwe na mrusho mmoja wa sevu ya nguvu na mwingine wa slaisi (sevu inayopinda pembeni), kwa sababu mpinzani makini atausoma. Pete Sampras, bingwa wa Marekani, alisifika kwa kurusha mahali pamoja kwa sevu zake zote. La pili, mpira ulioruka vibaya uache au udake. Kanuni hazihesabu hilo kuwa kosa, isipokuwa umezungusha raketi na kuukosa. Msimu huu wa upepo watu wengi wanaupiga mpira ambao wameshaona kabisa kuwa haupigiki.

Mchezaji wa Jioni (Dar es Salaam)

Nimerudi baada ya wiki tatu. Siku ya kwanza niliangusha mipira 9 tu kati ya 40 kwenye raketi, na video ilionyesha wazi mpira ukijizungusha huku kidole gumba kikiwa cha mwisho kuuachia. Niliposhika kwa ncha za vidole, mzunguko ulikwisha siku ya nne. Urefu nimeushusha kwa viganja viwili, na raketi ninaianzisha mapema kama dada alivyoshauri, bega halijalalamika. Jumamosi, upepo ukitokea baharini, nilicheza seti mbili nikafanya makosa mawili mfululizo mara mbili tu, na mpira niliudaka mara tano. Mpinzani alinung'unika kidogo, nikamwomba radhi, tukaendelea. Shikamoo mzee wetu wa Mombasa, 30 sijafikisha. Nimeishia 27.

Mkongwe wa Pwani (Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Hiyo 13 inayokosa inaangukia wapi? Ikiwa yote inaangukia kushoto kwa raketi, kiwiko bado kinajikunja. Ikiwa imetawanyika kila upande, ni vidole havifunguki pamoja. Hesabu kesho alfajiri, kabla upepo haujaamka, kisha uniandikie.