Nimesambaza uongo kuhusu mtu, naanzia wapi kurekebisha?

Muulizaji: Assalaam alaykum. Ijumaa nilipokea sauti ya dakika mbili WhatsApp, mtu analia kwamba jamaa tunayemfahamu amekula mchango wa mayatima. Sikuisikiliza hata nusu. Nikaituma makundi matatu na kuongezea, "Allah atulinde na watu hawa." Juzi imebainika mchango wote umefika kwa wenyewe. Nimeifuta, ila wengine walishaipeleka mbele. Mwenyewe hajui kama nami nimo. Nikimwambia nitamtonesha kidonda, nikinyamaza silali. Nifanyeje?

UmmuSalim: Waalaykum salaam. Pole, ila usijiambie "nilipitisha tu". Mtume (s.a.w.) amesema yamtosha mtu kuwa muongo kusimulia kila anachokisikia. Kaipokea Imam Muslim. Na yale maneno ya kuongezea ni yako mwenyewe, si ya aliyekutumia.

Mtafuta_Elimu: Tutenganishe. Kumtaja nduguyo kwa analochukia, nalo analo, ni ghiba. Akiwa hana, ni buhtani, na lako ndilo hilo. Ghiba isiyomfikia mhusika, wapo wanazuoni wanaosema umuombee maghufira (msamaha wa Allah) na umtaje kwa wema pale pale ulipomsema, bila kumchoma moyo kwa kumwambia. Buhtani huikwepi: ikanushe mbele ya waliokusikia. Katika Qur'ani, sura Al-Baqara aya ya 160 inawataja waliotubu, wakatengeneza, wakabainisha. Kufuta hakujabainisha kitu. Aliyesikia bado anaamini.

Abu_Y: Naongeza: mwendee. Makundi matatu hayana siri, atalisikia kwa mwingine na litamuuma mara mbili. Na tafadhali, unapokanusha usiirushe tena ile sauti eti watu wajue unazungumzia ipi! Al-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha tuchunguze tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, "mkawa wenye kujuta kwa mliyoyatenda". Hayo majuto yanayokukosesha usingizi yametajwa humo humo kwenye aya.

Muulizaji: Jazakumullahu khayran. Nimeandika hivi: "Sauti niliyoituma hapa Ijumaa ni ya uongo. Sikuhakiki. Fulani hana kosa, na maneno niliyoongeza nayafuta. Uliyeipeleka kwingine, peleka na huu ujumbe huko huko." Nimemtaja kwa jina lake kamili. Makundi mawili umeshafika. La tatu nilishajitoa, nimemuomba msimamizi anirudishe niutume mwenyewe. Kesho baada ya alasiri nakwenda kwake. Niombeeni nipate ulimi wa kusema.